Mikanda Mitatu ya Mwisho

Walukuba, Jinja
10 Mei 1979

Shemeji Wamboga,

Barua huanza kwa kusema mimi mzima, hofu kwako. Mimi si mzima, na hofu yote iko huku kwangu, basi niingie moja kwa moja. Sulait amefika kwako?

Mimi ni Namukose, mke wake. Tulionana mara moja tu, ulipokuja Jinja kurekebisha projekta ukala samaki wangu, ukasema huko kwenu Mbale samaki wanafika wamekwisha kukata tamaa. Nilicheka siku nzima. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu mimi Kilumasaba sikijui na wewe Kisoga hukijui. Posta imefungwa, kwa hiyo barua anakuletea Milly wa vitunguu, ambaye hupita njia hiyo kwa malori.

Aliondoka Jumanne tarehe 17 mwezi wa nne. Wanajeshi wa serikali iliyoanguka walikuwa wanakimbia kupitia hapa, na Jumapili iliyotangulia walivunja jumba letu la sinema wakabeba viti, mapazia, hata sanduku la tiketi. Sulait alitokea mlango wa nyuma na makopo sita ya filamu, akayaleta hapa nyumbani Walukuba mawili mawili. Filamu yenyewe ni ile ya Asubuhi ya Arobaini na Moja. Nakala ni moja tu nchi nzima, na sisi Jinja ndio tulikuwa wa kwanza, halafu Sulait aipeleke kwako Mbale uionyeshe wewe. Tena hatukuimaliza. Jumamosi, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje jioni, ilionyeshwa mikanda mitatu ya kwanza tu, tukaambiwa mwisho ni kesho. Kesho ikaja na bunduki. Mwisho wake anaujua Sulait peke yake, maana Ijumaa aliipitisha yote bila watu ndani kuangalia kama imekatika mahali.

Nilimwambia Jumanne hii acha. Akasema kwa miaka tisa hajawahi kukuchelewesha wewe. Makopo sita hayabebeki, akachukua matatu, ya nne, ya tano na ya sita, akayatia kwenye mfuko wa turubai. Nikauliza mbona unaanza na ya mwisho. Akasema mwizi akibaki na mwanzo tu, amebaki na mabati. Ya kwanza yako chini ya kitanda changu mpaka leo.

Mlangoni aliniambia, "Lile jina nimelijua maana yake. Nikirudi nitakuambia." Ndivyo alivyo, anapenda kuondoka ameacha kitu mdomoni.

Nijibu kwa Milly huyo huyo. Hata neno moja.

Hajara Namukose

*

Mbale
21 Mei 1979

Kwa shemeji Namukose,

Nimepokea barua yako, pole sana kwa yote yaliyowapata. Sisi tupo. Jumba letu lilipigwa risasi ukutani lakini projekta ni nzima.

Shemeji, Sulait sikumwona. Nilimngoja stendi Jumanne ile na Jumatano yake. Hakufika yeye, na makopo hayakufika. Siku zile magari mengi yaligeukia njiani, na watu wengi walivuka kwenda Kenya. Usikate tamaa mapema.

Msalimie mama mkwe wako.

Geresom Wamboga

*

Walukuba, Jinja
15 Juni 1979

Shemeji Wamboga,

Barua yako fupi nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kwamba watu wengi walivuka kwenda Kenya hilo nimelishika, nimelala nalo, nimeamka nalo.

Nikuambie ninavyoishi. Mama mkwe, mama yake Sulait, kila alasiri anachemsha maji ya kuoga ya mwanawe, anayaweka nyuma ya nyumba na taulo juu yake. Yakipoa anamwagia mboga. Sina moyo wa kumkataza, na kusema kweli siku asipochelewesha nami natulia kidogo.

Nikishindwa kukaa nafikiria lile jina. Wewe hujaiona filamu, basi nikusimulie nusu yangu. Kuna karani wa stesheni ya reli. Mkewe anakufa nyumba ikiungua, yeye yuko kazini. Katika stoo ya stesheni anakuta kiti cha zamani chenye mkono wa chuma. Ukikikalia ukauvuta mkono, unarudi nyuma siku arobaini, hazizidi hata moja. Ukipitisha arobaini, jambo lako limekwenda. Mkanda wa tatu unakwisha ameshika ule mkono. Taa zikawaka, afande akasema wote nyumbani.

Sasa kama kiti ni cha arobaini, kwa nini jina linasema arobaini na moja? Mimi nasema katika nusu ya pili fundi anakitengeneza kile kiti kikaongeza siku moja. Siku moja ya ziada, ambayo hakuna aliyeitarajia, na katika hiyo ndipo anampata mkewe. Mama mkwe hajawahi kuingia sinema maisha yake. Nilipomuuliza akasema, "Arobaini ni ya msiba. Ya arobaini na moja watu wanakunja mikeka." Nikamwambia mama, hiyo ni filamu ya Wazungu.

Utanicheka. Nilihesabu tangu alipoondoka. Siku ya arobaini na moja ilikuwa Jumapili tarehe 27 mwezi wa tano. Nilikaa mlangoni tangu asubuhi, nimekaanga samaki, nimejiambia labda ndicho alichokuwa ananiachia kwa mafumbo, kwamba atarudi siku hiyo. Walipita watu wote wa Walukuba isipokuwa yeye.

Shemeji, nakuomba uende Busiu. Milly anasema malori kutoka Tororo yalikuwa yanasimamishwa pale. Waulize watu. Ni kwenu, utaelewana nao. Mtu mrefu, koti la kahawia, mfuko wa turubai.

Namukose

*

Mbale
2 Julai 1979

Kwa shemeji Namukose,

Busiu nilikwenda. Wanaoishi pale hawapendi kuzungumzia siku zile. Hakuna aliyeniambia kitu.

Lakini yuko dereva mmoja aliyesema alimwona mtu mrefu mwenye koti la kahawia huko Bungoma, Kenya, amekaa na wakimbizi kwenye uwanja wa kanisa. Sisemi ni yeye. Nasema tu nilichosikia, kwa vile uliniomba neno.

Kuhusu jina la filamu usijitese. Wachora matangazo wanakosea sana. Nimewahi kuonyesha filamu ya simba ambayo tangazo lake lilikuwa na chui.

Geresom Wamboga

*

Walukuba, Jinja
28 Agosti 1979

Shemeji Wamboga,

Nimerudi kutoka Bungoma. Ulisema husemi ni yeye, lakini ungeona nilivyoisoma barua yako ungejua mimi nilisoma nini. Niliuza cherehani yangu nikaenda. Nililala barazani kwa kanisa siku kumi na saba, mimi Mwislamu, wakinipa uji. Nilifunua mablanketi ya watu nikiangalia nyuso. Mwenye koti la kahawia nilimpata. Ni mtu wa kabila la Teso, ana watoto wanne, alinionea huruma akataka kunipa lile koti.

Nikarudi Ramadhani imeanza. Mama mkwe akasema Idi hii Sulait haikosi, hajawahi kula Idi nje. Basi Ijumaa ya Idi nilivaa gomesi ya buluu aliyonipenda nayo, nikapaka hina na manukato, nikapika pilau ya watu wanane. Watu wawili tulikaa tukaitazama. Mama alianza kulia, mimi nikamfokea, nikamwambia anamlilia mtu mzima aliye hai. Nimemwomba radhi lakini neno limeshatoka.

Sheikh Marjan wa msikiti wetu nimemwendea. Anasema bila shahidi aliyeona kwa macho, mimi si mjane. Ni mke wa mtu aliyepotea, na mke wa aliyepotea anangoja miaka minne. Miaka minne, shemeji, si kilio, si ndoa. Wenzangu wamepoteza waume, wamekaa eda, watu wamekuja wakakaa nao chini, wakawapikia. Mimi watu wakinikuta dukani Nalufenya hawajui waniambie pole au waniulize habari za nyumbani. Wananiuliza bei ya sukari.

Sasa nakaribia kupata wazimu na lile jina. Nimefikiri labda wanakufa watu arobaini na yeye ni wa arobaini na moja. Nimefikiri ni namba ya chumba. Juzi niliyatoa yale makopo matatu nikainua mkanda kwenye mwanga wa dirisha, picha moja moja, mpaka pale anaposhika mkono wa chuma. Mbele yake hakuna kitu. Alisema ataniambia akirudi, na mimi nimeona kwamba nikilijua kabla hajarudi, basi hana tena sababu ya kurudi. Halafu kesho yake naona kinyume, kwamba nikilijua ndipo atarudi. Unaona nilipofika.

Wewe ni mtu wa kazi yake. Umeonyesha filamu nyingi. Nifikirie hili, kama huna kingine cha kunipa.

Namukose

*

Mbale
9 Septemba 1979

Shemeji Namukose,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Sikujua kama ungeuza cherehani. Sikujua kama ungelala barazani. Tafadhali usiende tena Kenya. Usimtafute mtu kwa koti. Pumzika, shemeji, nakuomba, kaa nyumbani na mama.

Umeniuliza jina na umeniuliza kama mtu wa kazi yake, basi nitakujibu vizuri, maana hilo naliweza. Hesabu yako ni sahihi na wachora tangazo hawakukosea. Ulichokosea ni kuitafuta asubuhi hiyo ndani ya filamu. Haimo. Yule karani anarudi mara nne, na kila mara moto unatoka mahali pengine, mara jiko, mara waya, mara kwa jirani. Mara ya mwisho anafika siku ya arobaini amekaa mbele ya kile kiti, kwenye jiko birika linachemka. Unadhani atauvuta mkono. Anautazama tu, mpaka saa ya ukutani inamaliza kugonga. Halafu anasimama kwenda kuliepua birika, na kabla hajalifikia picha inakuwa nyeupe. Basi. Mtu anaweza kufikiri kuna mkanda umepotea, lakini ndivyo ilivyo. Asubuhi yenyewe ni ile unayotoka nayo nje ya jumba, siku ambayo huwezi tena kurudi kurekebisha kitu, na inabidi uepue birika lako.

Mimi naona ni jina zuri kuliko yote niliyowahi kubandika ukutani.

Geresom Wamboga

*

Walukuba, Jinja
23 Septemba 1979

Wamboga,

Nani alikuonyesha birika?

Nakala ni moja. Nusu ya mwisho ilitoka mlangoni kwangu mgongoni kwa mume wangu. Mwezi wa tano uliniandikia hakufika yeye na makopo hayakufika. Barua hiyo iko mbele yangu, ina saini yako.

Nilifurahi kwanza, ujue. Nilisoma nikasema kumbe ndiyo maana, jamani, ni zuri. Nilimwita mama nimsimulie, na nilipofika kwenye birika mdomo ukaniishia.

Milly ameagizwa asiondoke Mbale bila barua yako.

Namukose

*

Mbale
4 Oktoba 1979

Shemeji,

Sina haki ya kukuita hivyo lakini sijui nikuite nani.

Sulait amekufa. Alikufa Jumanne ile ile, tarehe 17 mwezi wa nne, kabla ya adhuhuri, kwenye kizuizi karibu na Busiu. Nilikuwepo.

Magari yalikuwa hayafiki Mbale, yanageukia pale, nikaenda kumpokea. Vijana walikuwa wamelaza gogo barabarani. Wiki ile wanajeshi waliokimbia walikuwa wameua watu vijijini, na vijana wale walikuwa wanawatafuta waliojificha kwenye nguo za raia. Lori kutoka Tororo likisimama, wanamshusha kila mtu na kumwambia aseme. Aliyesema Kilumasaba alipita. Sulait alisema Kiswahili. Kwetu huku, shemeji, Kiswahili ndicho tulichokuwa tunapigiwa nacho na askari.

Wakafungua mfuko. Hawakuwa wamewahi kuona kopo la filamu. Bati la duara, zito, lenye kifuniko na namba juu. Mmoja akasema ni mabomu ya kutega barabarani, wote wakaruka nyuma. Sulait alikuwa anacheka. Alisema, "Sinema hii, bwana, sinema tu, subiri nikufungulie," na alipopeleka mkono kwenye kifuniko wakamkamata. Hapo ndipo aliponiona kati ya watu. Uso wake ulifunguka kabisa. Akasema, "Muulizeni huyo. Huyo ananijua."

Wakaniuliza. Aliyeuliza alikuwa na panga, na kaka yake alikuwa amezikwa juzi yake. Alisema kwa Kilumasaba, "Wewe unamjua huyu askari?" Neno moja tu la kwetu lingetosha. Wangeniamini, wananijua, nusu yao wameingia sinema yangu. Niliangalia viatu vya Sulait. Nikasema simjui.

Hakujua Kilumasaba lakini hilo alilielewa. Aliacha kucheka. Mimi nikaondoka nikitembea, na yaliyofuata niliyasikia tu.

Alasiri nilirudi. Mfuko ulikuwa pale pale, hakuna aliyethubutu kuugusa. Mzee Semei, mwenye shamba la ndizi kando ya barabara, alinisaidia tukamzika shambani kwake. Sisi hatujui dua zenu. Nilikumbuka tu kwamba akisali kwenye chumba changu cha projekta alikuwa anaelekea dirisha la kaskazini, basi tukamlaza ubavu wa kulia, ameelekea huko. Semei analima kwingine, hapo hapagusi.

Ile mikanda mitatu niliitazama peke yangu, jumba tupu, mchana, mara nyingi. Kiti kile kingekuwa kwangu ningekikalia mpaka mbao zilike. Nilipokuandikia ile barua ya kwanza ilikuwa siku ya thelathini na tano. Nilikuwa bado nimo ndani ya siku za kurudi. Nikaandika hakufika. Dereva wa Bungoma nilimtunga. Nilitaka kukupa kitu cha kushika, na nikukwepe.

Nilipoandika habari za birika labda nilijisahau. Labda nilichoka. Sijui.

Ndani ya kopo la sita mlikuwa na karatasi ya kazi. Sisi tunaoonyesha sinema humwandikia mwenzetu anayefuata mahali mkanda ulipokatika. Hii aliiandika Sulait kwangu, nami nakutumia, maana ni yako. Ndiyo maana ya jina, kama alivyoijua.

Geresom Wamboga

(Karatasi iliyofungwa ndani, kwa mwandiko wa Sulait:)

Kopo 6. Kiungo kimoja dakika ya pili, nimekikaza. Bwana Wamboga, asubuhi yenyewe haimo, usidhani kuna mkanda nimeusahau Jinja. Ikiwa nyeupe usiwashe taa haraka. Waache watu wakae kidogo. S.

*

Walukuba, Jinja
20 Oktoba 1979

Wamboga,

Ungesema neno moja. Sina sentensi nyingine, nimejaribu siku nyingi, na kila nikishika kalamu inatoka hiyo hiyo. Ungesema neno moja kwa watu wanaokujua.

Mama mkwe nimemwambia. Akaenda kuchemsha maji kama kawaida.

Nimefikiri kukuandikia ufe. Nimefikiri pia kama ningekuwa mimi, kaka wa mtu ana panga mbele yangu, na sikupenda nilichokiona, kwa hiyo nimeacha kufikiri huko. Usidhani ni huruma.

Sheikh Marjan anataka shahidi. Shahidi ni wewe, hakuna mwingine. Utakuja Jinja Jumamosi tarehe 3 mwezi wa kumi na moja. Utashuka Nalufenya, Milly atakuonyesha msikiti. Utakuja na makopo matatu, kwenye mfuko ule ule, na utayabeba mwenyewe, usimpe mtu akusaidie. Mbele ya sheikh, mbele ya mama yake na watu wote waliokuwa wakiniuliza bei ya sukari, utaulizwa kama unamjua Sulait. Unajua la kujibu.

Usipokuja mimi nangoja miaka minne kwa ajili ya mtu aliyelala kwenye ndizi, na kila siku ya miaka hiyo itakuwa yako.

Namukose

*

Walukuba, Jinja
13 Desemba 1979

Wamboga,

Sikuwa nimekusudia kukuandikia tena, ila kuna jambo uliondoka hujalijua, na sioni kwa nini nilibebe peke yangu.

Ulipomaliza kutoa ushahidi, nilimuuliza sheikh eda yangu inaanza leo? Aliangalia chini. Akahesabu kwa vidole, miezi minne na siku kumi, akahesabu tena. Akasema, "Mwanangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Yako ilikwisha siku ya Idi." Siku ile ya hina na manukato. Mjane hasafiri, mimi nilikuwa Bungoma. Mjane hajipambi, mimi nilivaa gomesi ya buluu. Nilikuwa nimekaa ndani ya eda yangu yote nikicheza nje yake, na nilipoambiwa mlango uko wapi ulikuwa umeshafungwa nyuma yangu. Sheikh anasema asiyejua hana dhambi. Mimi sikuwa naogopa dhambi. Nilitaka zile siku. Zilikuwa zangu, ndizo peke yake alizoniachia, na ulizitumia wewe.

Hilo ndilo nililokuwa nalo. Mengine uliyaona. Sheikh alikuuliza mara moja, wewe ukasema namjua mara tatu, na mara ya tatu ulisema kwa Kilumasaba ambacho pale hakuna aliyekielewa. Mama mkwe akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema anamjua.

Filamu pia nashukuru uliionyesha yote, kwenye lile jumba lisilo na viti, sisi tumekaa kwenye mkeka. Ilipokuwa nyeupe niliuona mkono wako kwenye swichi, na hukuwasha. Mama alikaa mpaka alipotaka kuondoka mwenyewe. Nje aliniambia, "Si nilikuambia? Watu wanakunja mikeka." Hajui kwamba aliijua filamu nzima kabla yetu.

Eda sikupewa, basi nikajihesabia zangu arobaini kuanzia siku ile ya ushahidi wako, ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila kumuuliza mtu. Majirani walikuja. Mmoja alileta ndizi, mwingine alikaa tu. Wamejua la kuniambia.

Mwezi ujao nitakuja Busiu na mama na sheikh, kumsomea. Mwambie Mzee Semei. Wewe uwepo, usimame mbali kidogo, na vijana wale kama wapo uwaambie alikuwa nani. Uwaambie kwa lugha yenu. Kukusamehe sijakusamehe, na sijui kama kuna siku ya hilo. Usiniulize.

Leo ni ya arobaini na moja. Nimeamka nikatandika kitanda, na chini yake hamna tena makopo, nikafagia. Mama mkwe aliwasha moto alasiri kama kawaida, maji yakachemka, akayatazama. Halafu akaniita, akasema mwanangu njoo uoge wewe, yasipoe.

Nimeoga.

Hajara Namukose